Kila Mtoto Huja na Riziki Yake, Ila Riziki Huchelewa Miaka 20

Hapa chuoni hakuna kongamano linaloisha bila mgeni rasmi kutukumbusha kwamba Tanzania ni nchi ya vijana, na vijana ni nguvu kazi ya taifa. Tunapiga makofi, tunagawiwa soda na sambusa, tunarudi hosteli. Na sambusa sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hiyo sentensi, maana inaunganisha mambo mawili ambayo bado hayajaungana. Nchi ya vijana, sawa, hilo halina mjadala. Nchi ya nguvu kazi, hapo wanachuo wenzangu tukae chini tuhesabu kwanza.

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilitukuta tuko 61,741,120. Katika kila Watanzania 100, karibu 43 walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Wazee wa miaka 65 na kuendelea walikuwa karibu 4. Waliobaki, wa miaka 15 hadi 64, ndio wanaoitwa watu wenye umri wa kufanya kazi. Hao ni 53 tu, yaani nusu na kidogo. Kwa lugha ya nyumbani, kila watu 100 wenye umri wa kushika jembe, kalamu au usukani wanabeba wengine zaidi ya 85, ambao ama bado hawajaweza ama wameshachoka.

Sasa rudi nyuma. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu milioni 17.5, na walio na umri wa kufanya kazi walikuwa karibu 50 katika kila 100. Toka 50 mpaka 53 katika miaka 44! Watu tumeongezeka zaidi ya mara tatu, lakini mgawanyo wetu umesogea kwa pointi tatu hivi. Yaani tumebadilisha sufuria tu, tukaweka kubwa zaidi, lakini uji ni uleule na uzito wake ni uleule.

Kwa nini hili litusumbue sisi tunaosomea ualimu? Kwa sababu kuna nchi zilizopita hapa tulipo na zikatoka. Mwaka 1970 Korea Kusini ilikuwa na watu 54 hivi wa umri wa kufanya kazi katika kila 100. Ni palepale tulipokuwa sisi wakati wa sensa ya 2022. Kufikia miaka ya 2010 walikuwa 73 hivi katika kila 100. Kila watu 100 wa umri wa kazi walibaki na wategemezi wasiofika 40. Fikiria mshahara uleule, mdomo mmoja badala ya miwili. Kinachobaki mfukoni kinalipa ada, kinajenga, kinawekwa benki, na benki inamkopesha mwenye kiwanda. Wachumi wanaita hali hiyo gawio la demografia, kama mwenye hisa anavyopata gawio lake mwisho wa mwaka.

Ila gawio hupewa aliyenunua hisa. Hili ndilo ninalotaka tuelewane leo. Hisa zenyewe hununuliwa darasani, na hununuliwa mapema, miaka 15 au 20 kabla ya faida kuonekana.

Kwetu Kikwe, chini ya Mlima Meru, ukilalamika kuhusu familia kubwa utajibiwa kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Bibi yangu, aliyezaa nane, alikuwa akiniambia hivyo huku akinimiminia maziwa: "Mjukuu wangu, mdomo mmoja, mikono miwili. Hesabu mwenyewe." Na hesabu yake ni sahihi kabisa. Ilichoacha ni muda. Mdomo unafika siku ya kwanza, mikono inafika baada ya miaka 15, na mikono yenye ujuzi inafika baada ya miaka 20 na zaidi. Katikati hapo kuna uji wa asubuhi, daftari, sare, dawa ya malaria na nafasi ya kukaa darasani. Riziki ya mtoto ipo, ila inachelewa, na lazima awepo mtu wa kumtunza akiisubiri.

Simlaumu bibi, na naomba asitokee msomi wa kumlaumu. Mwaka 1999, karibu enzi niliyozaliwa mimi, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, karibu 147 hawakufikisha miaka mitano. Kizazi cha bibi kilikuwa na hali mbaya zaidi. Mzazi aliyewahi kuzika watoto hawezi kuzaa wawili akalala usingizi. Tena mkulima wa Tanzania Bara hana pensheni. Zanzibar kuanzia mwaka 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi anapata pensheni jamii, lakini huku kwetu pensheni ya mzee ni watoto wake. Kwa hiyo bibi alifanya kama mfanyakazi yeyote mwenye akili anavyofanya, alichangia mfuko wake wa uzeeni.

Kilichobadilika ni kwamba leo watoto hawafi kama zamani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 katika kila 1,000. Huo ni ushindi mkubwa, na wauguzi na chanjo wapewe heshima yao. Lakini idadi ya watoto kwa kila mama imeshuka taratibu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alitarajiwa kuzaa watoto zaidi ya 6, na mwaka 2022 ilikuwa 4.8. Mjini ni 3.6, vijijini ni 5.5. Pengo hilo la vifo vilivyoshuka haraka na uzazi unaoshuka polepole ndilo linalotupa watoto 43 katika kila watu 100.

Na ardhi haiongezeki. Hili Wameru hatuhitaji kufundishwa na mtu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha wazee wetu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika hadi Umoja wa Mataifa kuitetea ardhi hiyo. Wakati ule watu wa mlimani walishajua kihamba hakitoshi, ndiyo maana malisho na mashamba ya huko yaliwauma hivyo. Leo mkoa mzima wa Arusha umetoka watu milioni 1.69 mwaka 2012 hadi milioni 2.36 mwaka 2022. Kihamba alichogawa babu kwa wanawe watatu, baba akikigawa tena kwa wanawe wanne, kinachobaki ni migomba michache na ukuta wa jirani. Kijana wa Kikwe leo harithi shamba. Anarithi sehemu ya kujenga chumba, kama ana bahati. Riziki yake haitatoka ardhini kama ya babu yake, itabidi itoke kichwani.

Hapo ndipo shule inaingia, na inaingia mara mbili.

Mara ya kwanza inaingia kupitia kwa binti. Hakuna haja ya kutishana wala kulazimishana. China ilipolazimisha familia kuwa na mtoto mmoja, iliumiza watu na sasa yenyewe inahangaika kuomba wazaliwe zaidi. Kinachoshusha uzazi bila bakora ni binti kubaki shuleni. Anayefika kidato cha nne anaolewa baadaye, anazaa baadaye, anajua kituo cha afya kiko wapi na anajua kusema hapana au bado. Jirani zetu wa ng'ambo ya Namanga walikuwa na wastani wa watoto 8 kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2022 ulikuwa 3.4. Hakuna aliyewafunga jela. Waliongeza shule, walieneza uzazi wa mpango, na akina mama wenyewe wakaamua.

Sisi nasi tumepiga hatua, tuseme ukweli. Elimu bila ada ilianza Januari 2016. Novemba 2021 mlango ulifunguliwa kwa wasichana waliopata ujauzito kurudi shule. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imefanya miaka 10 ya elimu kuwa ya lazima. Lakini wakati huohuo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliandikwa ikimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na ikabidi Rebeca Gyumi aende mahakamani. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Tazama miaka hiyo: 1971 na 2019. Ni karibu nusu karne ya mabinti ambao kwenye takwimu waliingia kundi la "umri wa kufanya kazi" siku ileile walipotolewa darasani.

Mara ya pili shule inaingia kwenye ile mikono yenyewe. Maana kuna ujanja kwenye neno "umri wa kufanya kazi". Mimi nina miaka 22. Kwa hesabu ya wataalamu nimekuwa nguvu kazi kwa miaka saba, tangu niko sekondari navaa kaptura. Katika miaka hiyo saba nimekula kwa baba, nikala kwa mama anayeuza nyanya soko la Tengeru, na sasa nakula kwa boom la Bodi ya Mikopo, tena likichelewa mnajua wenyewe tunavyoishi. Chalii anayeshinda kijiweni Usa River akisubiri abiria wa boda ambao hawaji, naye ni nguvu kazi. Takwimu inahesabu miaka ya mtu, haihesabu kazi yake.

Tumeona wenyewe mikono inavyojaa bila kazi. Juni 2014 Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, na waliofika Uwanja wa Taifa kwa usaili walikuwa zaidi ya 10,000. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yakawa 135,027. Hiyo ni kama watu 85 kwa kiti kimoja. Na mikono isiyo na kazi haikai mfukoni milele. Juni 2024 vijana wa Kenya walijaa barabarani, wengi wao wasomi wenye vyeti. Kenya imetangulia kushusha uzazi, lakini kama ajira hazifuati, watu wa umri wa kazi wanakuwa wengi wakati kazi zenyewe hazipo. Kwa hiyo ninaposema hisa hununuliwa darasani, simaanishi cheti. Namaanisha mtu anayejua kusoma akaelewa, kuhesabu akapata jibu, kutengeneza kitu na kukiuza.

Sasa niseme lile ambalo najua baadhi ya wakubwa hawatalipenda. Nchi hii ina watoto wengi wasio na walimu wa kutosha na walimu wengi wasio na kazi, kwa wakati mmoja, mara nyingi kwenye kata moja. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi. Aliyekwenda mazoezi ya kufundisha anajua alichokuta. Mimi nilipewa mkondo wa Kidato cha Kwanza wenye wanafunzi zaidi ya 80, na kusahihisha insha zao kulinichukua wikiendi nzima na mafuta ya taa ya mwenye nyumba. Kuna mtoto nilimaliza wiki nane sijawahi kumsikia sauti. Huku nje, walimu waliohitimu toka mwaka 2015 wanaendesha boda, wanauza vocha, wanasubiri. Mwaka 2025 walifika hatua ya kuunda umoja wao, NETO, ili angalau wasikike. Mmoja ana chaki, mwingine ana njaa ya kufundishwa, na kati yao kuna mlango uliofungwa.

Ndiyo maana nasema kuajiri walimu ndiyo sera ya kwanza ya idadi ya watu katika nchi hii. Tunakosea tunapoidai kama huruma kwa wahitimu wa elimu, eti "mtuonee huruma tumesoma". Ukiidai hivyo unajibiwa kwamba hata wahitimu wa kilimo wanateseka, na ni kweli. Idai kama mtaji. Mwalimu mmoja akiajiriwa leo, mtu mmoja anatoka upande wa wanaobebwa kwenda upande wa wanaobeba, leo hiihii. Halafu watoto 45 wanapata nafasi ya kufika huko miaka 10 baadaye wakiwa na kitu kichwani. Na mabinti waliomo humo watazaa wanaowaweza kuwalea. Sijui uwekezaji mwingine unaosogeza hesabu hii pande zote tatu kwa mkupuo mmoja.

Nitajibiwa kwamba hakuna fedha, mishahara ya serikali inakula bajeti. Hoja hiyo ni nzito, siidharau. Lakini Korea ya mwaka 1970 nayo ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60 kwa darasa la msingi kwa wastani, na haikuwa nchi tajiri. Iliendelea kuajiri na kujenga huku watoto wakizaliwa wachache, hadi madarasa yakapungua yenyewe, na viwanda vya nguo, viatu na wigi vikapata vijana wanaojua kusoma maelekezo. Sisi tunataka kusubiri tutajirike ndipo tuajiri. Mtoto hasubiri. Mwaka mmoja wa bajeti ukiahirishwa, kwake ni darasa la pili limepita bila kujua kusoma, na darasa la pili halirudi.

Nitajibiwa pia kwamba vijana wajiajiri. Nami nasema wajiajiri, mbona. Zile asilimia 4 za mapato ya ndani ya halmashauri zinazotengwa kwa mikopo ya vijana tuzifuatilie, wengi wetu hata fomu yake hatujawahi kuiona. Mkondo wa amali uliomo kwenye sera mpya tuushike vizuri, usigeuke jalala la waliofeli. Ila huwezi kumwambia mtu ajiajiri kwa hesabu ambayo hakufundishwa. Fundi simu wa Tengeru anayesoma mchoro wa saketi alijifunza kusoma mahali fulani, kwa mwalimu fulani.

Na kuna kitu kingine hawatuambii pale kwenye kongamano. Dirisha hili likifunguka halikai wazi milele. Wakorea waliopata gawio sasa wanazeeka, na mwaka 2023 wastani wao ulikuwa mtoto 0.72 kwa mwanamke. Hesabu yao inageuka tena, safari hii midomo ni ya wazee. Ila wao wanazeeka wakiwa na hospitali, reli na akiba. Kijana wa leo wa Kikwe naye atazeeka. Swali ni kama atazeeka akiwa na akiba au akiwa na hadithi tu, kwamba aliwahi kuwa taifa la kesho.

Kwa hiyo wanachuo wenzangu, hasa wa elimu, tubadilishe namna tunavyozungumza. Serikali yetu ya wanafunzi ikipata nafasi ya kukaa na waziri, iache kuomba kwa unyonge. Iende na hesabu: katika kila Watanzania 100, watoto 43 wanahitaji nini, kwa gharama gani, na kuwaacha kutatugharimu nini. Na tunapokwenda mazoezi ya kufundisha, tuache ile tabia ya kutafuta shule ya mjini yenye umeme na vifodi mlangoni. Twende kule uzazi ni 5.5. Kule ndiko gawio linakoamuliwa.

Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya sensa, Agosti 2022, atatimiza miaka 15 mwaka 2037. Siku hiyo ataingia kwenye hesabu ya nguvu kazi apende asipende, na mgeni rasmi wa wakati huo atamtaja kwenye hotuba. Kuingia kwake hakuna anayeweza kukuzuia. Kinachoweza kuamuliwa ni atakachokuwa anajua kukifanya siku hiyo, na muda wa kukiamua ni kuanzia sasa mpaka hapo, miaka yake ya shule. Awe na mwalimu.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Shahada ya Elimu, mwaka wa tatu.